Mwambie Baba Yako: Noah Yetu na Tangi Moja la Matombo

Neema na Tausi, mliniuliza darasani, mbele ya watu, kwa nini Noah yetu imeonekana tena pale msikitini wakati mlisikia imeuzwa Morogoro. Mimi mbele ya watu mnajua nilivyo. Nilisema "ndiyo" wakati jibu halikuwa ndiyo wala hapana, mkacheka. Basi nimeandika. Mkisoma msimpe mtu mwingine, labda Mwalimu wa Kiswahili, naye akiahidi hatasoma kwa sauti.

Kwanza mjue shida ilikuwa nini. Gari letu ni kuukuu, limetuzidi umri mimi na wadogo zangu wote, na lilikuwa linakunywa mafuta vibaya sana. Baba ana mashine ya kukoboa, anajua injini inavyokula. Alikuwa akisema, "Hili linakunywa kuliko linavyotembea." Akapatikana mnunuzi Kihonda, pale Morogoro, Mzee Sudi, anataka gari la kubebea watoto wa shule. Baba hakumpa neno la mwisho. Alimwambia atamjibu akirudi kutoka Matombo.

Safari ya Matombo ilikuwa ya kumchukua bibi, mama yake mama, aje kutibiwa macho Morogoro. Mama ana kichanga, hawezi safari. Na baba hawezi kumchukua mkwewe peke yake. Kwa bibi, mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawaongei ana kwa ana. Wengine siku hizi wameacha mambo hayo, bibi hajaacha hata moja. Kwa hiyo nilihitajika mimi, nikae kati yao.

Usiku wa kuamkia safari baba alinipa sharti, mimi tu, siyo mama. Alisema anajaza tangi hapa Gairo. Tukienda Matombo tukarudi mpaka nyumbani bila taa ya mafuta kuwaka, gari linabaki. Ikiwaka kabla, analiacha kwa Mzee Sudi na sisi tunapanda basi.

Sikulala vizuri, na sababu ninawaambia nyinyi tu. Baba na mimi ni wa aina moja. Nyumbani tunaweza kukaa sebuleni jioni nzima tukasemezana "lete chumvi" na "umeme umekatika". Ndani ya gari ni tofauti. Wote tunatazama barabara, hakuna anayemtazama mwenzake, na maneno yanatoka yenyewe. Mambo yote makubwa ninayoyajua kuhusu baba yangu nimeyajua nikiwa kwenye kiti cha mbele.

Gairo mpaka Dumila

Kabla ya kuondoka tulilipunguza gari mwili. Baba alifungua keria ya juu akaiweka nyuma ya banda, akasema inakamata upepo bure. Chini ya viti tulitoa mchi wa mama uliopotea tangu Idi, tairi bovu, mawe mawili ya kuzuilia magurudumu na mfuko wa pumba ulioota ukungu. Alibadilisha plagi, akapuliza chujio la hewa mpaka likabadilika rangi, akajaza upepo matairi yote.

Kisha akaendesha kama mtu aliyeweka yai chini ya mguu. Hakukurupuka, hakushika breki kwa ghafla. Akiona mlima mbele alijiandaa toka mbali. Malori yote yalitupita. Utingo mmoja alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Mzee, mnasindikiza maiti?" Baba akainua mkono kumsalimia. Mimi niliteremka kwenye kiti mpaka kichwa kikawa chini ya dirisha.

"Unaona aibu?" baba akaniuliza.

"Kidogo."

"Mimi pia," akasema. "Ila aibu haili mafuta."

Tukacheka. Mnaona? Nyumbani asingesema vile.

Dumila tulisimama ninunue maji. Mama mmoja muuza vitunguu alikuwa amepanga mafungu yake karibu na tulipoegesha. Akalisogelea gurudumu la nyuma avute kiroba chake, akaruka.

"Wee baba! Gurudumu lako linachemsha chai!"

Baba alishuka akaweka kiganja. Gurudumu la kushoto lilikuwa la kawaida, la kulia halishikiki. Harufu ilikuwa ya kitu kilichoungua, nasi tulidhani ni ya malori. Kumbe breki ya upande ule ilikuwa haiachii. Fundi wa pale jirani alilala chini ya gari, akasema breki imeganda na huenda imeganda muda mrefu. Gari lilikuwa linatembea huku limeshikwa.

Ilichukua muda kuifungua, kuisafisha na kuipaka grisi. Yule mama wa vitunguu alinipa kigoda, akaanza kunihoji. Nasoma wapi, nimeposwa, mbona sisemi, nimekatwa ulimi? Nilijibu kwa kichwa. Mwisho akamwambia baba, "Huyu mtoto wako naye afunguliwe breki." Watu wote pale walicheka, hata fundi kule chini. Sikupenda. Ila tangu siku ile nimelifikiria neno lile mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Dumila mpaka Bigwa

Tulipoondoka gari lilikuwa jingine. Baba aliondoa mguu kwenye mafuta kwenye tambarare ya Dakawa, nalo likaendelea kuteleza lenyewe kama baiskeli mteremkoni. Aliniangalia, jambo ambalo hafanyi akiwa barabarani. "Maskini," akasema, "tulikuwa tunalilaumu bure." Mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka kidogo tu. Nikaanza kuhesabu gari ni letu.

Kihonda tulipita kwa Mzee Sudi kumsalimia, kwa sababu nyumba yake iko karibu na kwa mama mdogo, ambako bibi angefikia, na kupita kimya kungekuwa ubaya. Alilizunguka gari mara ya kwanza, ya pili, akabonyeza viti. Mwanawe mdogo akaingia akakaa kwenye kiti changu, akashika dashibodi. Shikamoo niliyompa yule mzee haikutoka hata nusu. Aliuliza, "Sasa, baba, linakula vipi?" Baba akamjibu, "Nitakuambia nikirudi." Mzee Sudi akasema hana haraka, ila watoto wanafungua shule.

Kupanda

Baada ya Bigwa mnajua, au hamjui, barabara inaanza kujikunja. Kiroka, Mkuyuni, kisha milima inasogea pande zote mbili, na vumbi linageuka jekundu. Baba alizima kiyoyozi. Tulifungua madirisha, na kila tulipopita nyumba iliyoanika karafuu harufu iliingia ikakaa na sisi mpaka kona inayofuata.

Kwenye mlima mmoja baba aliniambia jambo. Alisema gari hili lilinunuliwa wakati mama amelazwa, ana mimba yangu, na siku tuliyotoka hospitali ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza na sisi. Aliendesha hivihivi, polepole, magari yakimpigia honi. "Siku hiyo sikuwa nabana mafuta," akasema.

Nikauliza, "Sasa kwa nini unaliuza?"

Akabadilisha gia. "Kwa sababu kupenda kitu na kukimudu si jambo moja."

Kwa bibi

Bibi alikuwa ametusikia toka bonde la chini. Tulimkuta nyuma ya mlango, khanga kichwani mpaka kwenye macho. Baba alichuchumaa uani akiangalia mchanga. "Shikamoo mama." Sauti ikatoka ndani, ile ya milimani inayopanda mwishoni, "Marahaba baba, poleni na safari." Basi, mazungumzo yao ya siku ile yaliishia hapo. Baba akapewa mkeka barazani upande wa pili wa nyumba.

Mimi nikavutwa ndani. "Njoo hapa mke mwenzangu, nikushike, maana kukuona sikuoni." Marehemu babu ndiye mume wetu wa pamoja, alinichumbia nikiwa na meno mawili. Akanipapasa uso. "Umekonda. Huyo mumeo angekuwa hai angekuacha." Tulikula ndizi mbichi za nazi na dagaa, na baba alipelekewa sinia lake peke yake. Sinia lilikuwa la watu wanne. Alilimaliza, kwa sababu kubakiza chakula cha mkwe ni maneno ya mwaka mzima.

Hapo nilipaswa kuona kitakachotokea asubuhi.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado uani, nikasikia vishindo. Vijana walikuwa wanashusha mikungu ya ndizi kutoka shambani. Mkungu wa kwanza, wa pili, baadaye niliacha kuangalia. Kisha mafenesi. Mananasi kwenye kiroba. Jogoo ndani ya tenga. Halafu wakaanza kuja majirani, maana habari zilikwishaenea kwamba bibi anashuka mjini na gari la mkwe: huyu ana magimbi ya mwanawe aliye Kihonda, yule ana mdalasini wa dada yake. Keria tuliiacha Gairo, kwa hiyo vyote viliingia ndani.

Baba aliniita pembeni ya mgomba. Nilimwona anavyolitazama gari, lilikuwa limeanza kukaa chini kwa nyuma.

"Nenda kamwambie bibi yako," akanong'ona, "kwa heshima, ahsante sana, ila mzigo ukizidi gari linakula mafuta mengi. Achukue mkungu mmoja."

Nikaenda. Nikasema yote, nikaweka "kwa heshima" mbele na nyuma.

Bibi hata hakupunguza sauti. Baba alikuwa hatua chache tu, anasikia kila neno. "Mwambie baba yako, mgomba wenyewe ni maji matupu, hauna hata mfupa, na umeubeba huo mkungu miezi. Gari la chuma lishindwe?"

Nikarudi. Kabla sijafungua mdomo baba akasema, "Mwambie bibi yako ahsante."

Mnaelewa? Baba yangu anabishana na madereva wa malori, na wakaguzi wa mizani, na watu wa umeme. Lakini kwa mkwewe neno hapana halipo. Neno likitoka kwa bibi limekwisha.

Kushuka

Bibi alikaa nyuma ya baba kabisa ili wasionane, fenesi miguuni, tenga la jogoo ubavuni. Baba akakipindua kile kioo cha katikati kikaangalia dari, ili asije akakutana na uso wa mkwewe humo. Hata asingekipindua, kingeonyesha ndizi tu.

Hakuliweka gari kwenye gia huru mteremkoni kama wanavyofanya vijana wanaotaka kubana mafuta. Alisema gari lenye mzigo huu likikimbia halirudi. Alitumia gia ndogo, tukashuka tunanguruma. Mvua ya usiku ilikuwa imegeuza vumbi kuwa uji. Mbele ya Mkuyuni tukakuta lori la ndizi limekwama katikati ya njia, watu wamelizunguka wanatoa ushauri. Baba akazima injini. Alisema gari lililosimama likinguruma linakula bila kwenda popote.

Tukakaa. Jogoo tu ndiye aliyekuwa anaongea.

"Mwambie baba yako," bibi akasema, "mbona leo kapoa? Ana homa?"

"Mwambie bibi yako sina homa."

"Mwambie mimi nisiyeona anaweza kunidanganya, jogoo hawezi."

Nikageuka. Sijui nani alinituma. Nikamweleza bibi kwa sauti ndogo habari ya Mzee Sudi, na tangi, na taa. Baba aliangalia lori. Bibi alisikiliza, macho yake yale yenye ukungu yameelekea juu ya bega langu. Nilipomaliza, mkono wake ukaenda kwenye mkungu uliokuwa karibu naye, ukaupapasa kama alivyonipapasa mimi. Nilijua anachohesabu. Nikatamani nirudishe maneno yangu mdomoni.

Lori liliponasuliwa, magari yote yalipishana kwenye tope, tukanyanyuka na kuzama, tukanyanyuka na kuzama. Mshale nao ulikuwa unashuka. Njia ya kwenda ulikuwa mvivu, sasa ulikuwa kama mtu anayewahi nyumbani. Bigwa nilijiambia pengine mafuta yatatosha. Katikati ya mji nilisoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo. Msamvu, kwenye mzunguko, taa ya njano ikawaka mara moja, ikazima. Gari lilipokaa sawa ikawaka, ikabaki.

Baba akasema polepole, kama mtu anayejisemea, "Imewaka."

Kihonda

Ile kona ya kwa Mzee Sudi inakuja kwanza, ya kwa mama mdogo iko mbele. Baba akapunguza mwendo, akawasha taa ya kukunja.

"Mwambie bibi yako," akasema, na sauti yake ilikuwa ya heshima mno, "tutasimama hapa kwanza. Kuna mtu nataka kumpa jibu."

Sikuwa na haja ya kumwambia, na bibi hakusubiri.

"Mwambie baba yako sawa. Mimi mzigo tu, na mzigo hausemi njia."

Taa ya kukunja ilikuwa inagonga, tak, tak, tak. Baba hakukata kona. Alisimama pembeni ya barabara, mikono yote miwili kwenye usukani. Halafu akauliza, akiwa anaangalia mbele,

"Bibi yako amesema nini?"

Alikuwa amesikia. Gari lile si msikiti wa Ijumaa, ni Noah. Alisikia toka Matombo kila kitu. Nikamtazama, na yeye akaendelea kuangalia barabara, anasubiri. Nami nikaangalia barabara. Ndipo likanitoka.

"Bibi anasema gari lisiuzwe. Anasema akishatibiwa atahitaji kurudishwa, na mama atahitaji kumfuata. Anasema limeshindwa kwa sababu ya ndizi, siyo kwa ubovu wake. Anasema wakati wa kwenda, tukiwa wawili, lilikwenda vizuri."

Sijawahi kusema maneno mengi vile kwa mkupuo. Masikio yaliniwaka. Nilikuwa nimemwekea mkwe wa baba maneno mdomoni, mwenyewe akiwa amekaa nyuma yetu na fenesi. Nikangoja bibi aseme, "Mimi? Sijasema hayo." Angesema vile, ningeshuka nikatembea kwa miguu mpaka Gairo.

Bibi akakohoa.

"Umeacha la mwisho, mke mwenzangu," akasema. "Mwambie na keria airudishe. Ndizi zinaniminya."

Mabega ya baba yalianza kutikisika. Alijitahidi kuyazuia, maana mtu hacheki mbele ya mkwewe, lakini yalimshinda, mpaka akafungua mlango akashuka akasimama nyuma ya gari peke yake kwa muda.

Kisha alifungua mlango wa nyuma, akateremsha mkungu mmoja mkubwa, akaubeba begani mpaka kwa Mzee Sudi. Nilimfuata nyuma na mananasi mawili. Mzee Sudi alikuwa amekwishasimama mlangoni. Baba akamwambia, "Samahani sana mzee wangu. Mkwe wangu amesema lisiuzwe."

"Kasema kwa mdomo wake?"

"Ndiyo jibu nililoletewa."

Mzee Sudi akautazama mkungu, akalitazama gari lililokaa chini kwa nyuma kama kuku anayetaga, akamwona bibi dirishani na khanga yake. "Basi, hilo halina rufaa," akasema. "Hata mimi ninaye." Akatukaribisha chai, tukasema tutarudi. Mwanawe alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Nilimpa nanasi mkononi, nikashindwa kumwambia pole.

Tulimshusha bibi kwa mama mdogo, na robo tatu ya mzigo pamoja naye. Watu wa magimbi na mdalasini walikuja kuchukua vyao. Baba akaenda kuweka mafuta. Sharti lilikuwa limevunjika, sitaki kuwaficha hilo.

Kurudi Gairo

Tulirudi wawili, jogoo tumemwacha. Gari lilikuwa jepesi. Ile kasi ya yai ikarudi, malori yakaanza kutupita tena. Dumila yule mama wa vitunguu alitupungia mkono. Baba hakusimama, ila alipiga honi, na mimi nilitoa kichwa dirishani nikamwambia shikamoo, kwa sauti, akasikia.

Kile kioo kilikuwa bado kinaangalia dari. Baba alikikumbuka tulipoanza kupanda kuja Gairo. Akakirudisha taratibu kwa kidole.

"Hivi," akaniuliza, "bibi yako alisema yale yote kweli?"

Nikaangalia barabara. "Kwani wewe baba ulisikia nini?"

Akafikiri kidogo. Mlima ulikuwa mbele, akaanza kujiandaa toka mbali.

"Mimi mkwe," akasema. "Ya nyuma siyasikii."

Kesho yake asubuhi, kabla ya mashine kuwashwa, alinituma nimshikie spana, turudishe keria.